Ubao Mama

Xinzhuang, 3 Februari 1999

Mwanangu A-Kai,

Kama barua hii imekukuta umesimama, kaa kwanza. Hakuna aliyekufa. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ukiona mwandiko wangu unaruka mistari katikati ukitafuta msiba. Dada yako yupo, mimi nipo, mjomba wako Fu-tien yupo na mdomo wake. Kilichokufa ni kompyuta ya Chuan.

Imezimika jana mchana. Yenyewe tu. Ilikuwa mezani kama siku zote, Chuan kitandani, kile kitufe ulichomtengenezea kiko chini ya kidole gumba chake, na mimi nafanya usafi wa mwaka wetu mpya wa kalenda ya mwezi kama kila mwanamke wa mtaa huu. Mara kimya. Nimebonyeza swichi mpaka kidole kimekufa ganzi. Haiwaki, hata ile taa ndogo ya kijani haiwaki. Sijui kwa nini. Vitu huchoka.

Wewe hukijui kimya hiki, kwa sababu ulikifukuza kabla hakijakaa. Tangu ile pikipiki imwangushe, miaka minne sasa, hana kingine kinachomtii ila kope, taya na kidole gumba kimoja, na wewe ukaja na mashine yako, herufi zinapita kwenye skrini, naye anabonyeza moja moja. Nilikuwa nasikia ile "tik" hata nikiwa jikoni. Nikaizoea, nikawa hata namgombeza, Chuan, pumzika, unanipigia kelele. Mungu anisamehe.

Sasa namuuliza kwa mdomo. Una njaa? Anafumba macho mara mbili, hapana. Kiu? Hapana. Unaumwa? Hapana. Nikugeuze? Dirisha? Mto? Unamtaka A-Kai? Hapo alifumba mara moja, ndiyo, lakini hilo siwezi kumletea. Nimeuliza yote ninayoyajua kuuliza na yote si yenyewe, na macho yake bado yananishika. Sikujua kama mtu anaweza kuishiwa maswali ya kumuuliza mwanawe.

Nimekwenda hekaluni kwa mungu wetu wa kike Matsu, nikarusha vile vipande viwili vya mbao vya kumuulizia. Naye ana ndiyo na hapana tu, kama dada yako. Vikaanguka vyote chali, maana yake anacheka. Nikamwambia, Bibi, unacheka nini?

Wewe ndiye uliyeiunda, wewe ndiye unayeijua. Niambie nifanye nini, uniandikie kwa maneno mepesi, unajua mimi niliishia darasa la tatu. Na usitoroke jeshini. Najua umelifikiria kabla hujafika mstari huu. Usitoroke.

Mimi nakula vizuri.

Mama

*

13 Februari 1999

Mama,

Barua yako ilikaa baharini siku tisa, mawimbi yalikuwa makubwa na meli ya chakula haikuweza kutia nanga. Katika kisiwa hiki simu ni moja, na ni ya makamanda. Nimeomba ruhusa ya kurudi siku tatu. Nimekataliwa. Nitaomba tena.

Nisikilize taratibu. Nakuuliza mambo mawili. Je, kulikuwa na harufu ya kuungua? Je, kuna mtu aliyeifungua? Umesema imezimika yenyewe, basi naamini hapana na hapana. Kama ni hivyo, kilichokufa ni sanduku la umeme, lile la bati lenye feni, liko ndani ya kasha, nyuma, juu. Hilo ndilo huchoka kwanza. Vingine vyote vitakuwa salama.

Nenda soko la chini ya daraja la Guanghua. Sema: nataka sanduku la umeme la AT. Herufi mbili. A ni kama hema lililofungwa mkanda kiunoni, T ni kama nyundo. Waonyeshe karatasi hii:

AT

Usikubali la namna nyingine. Katika kompyuta vitu vitatu ni lazima viwe vya ukoo mmoja: kasha, ubao mama na sanduku la umeme. Ubao mama ni ule mpana wa kijani uliolala ndani, kila kitu kimechomekwa juu yake kama watoto mgongoni. Mashimo ya ubao ni lazima yakutane na mashimo ya kasha, na plagi za sanduku ni lazima ziingie kwenye ubao. Vyetu vyote vitatu ni AT. Ukileta wa ukoo mwingine, hata ukisukuma kwa goti, hauingii.

Usiifunge mwenyewe. Mwite Mjomba.

Na wakati unangoja, chora zile alama zetu thelathini na saba za kusomea, za darasa la kwanza, kwenye karatasi kubwa. Mpitishie kidole moja baada ya nyingine. Ukifika anayoitaka atafumba macho mara moja. Ni polepole kama konokono, lakini ni maneno.

Mwambie namsikia. Mwambie hivyo hivyo.

A-Kai

*

Xinzhuang, 23 Februari 1999

A-Kai mwanangu,

Nimekwenda Guanghua. Nimerudi mikono mitupu, lakini hawakunidanganya.

Unajua kazi yangu. Miaka kumi na moja nakaa mwisho wa mashine karakanani kwa Bwana Hsieh, makasha ya kompyuta yanatoka moto, napima mashimo kwa kile kipimo cha chuma. Zuri napiga duara. Bovu napiga X kwa chaki nyekundu, linakwenda kwenye rundo la kuyeyushwa. Hiyo X nimeipiga mara nyingi kuliko jina langu. Sasa nafika sokoni, natoa karatasi yako, mwenye kibanda, mwanamke mmoja mwenye nywele za kusuka, ananiletea boksi. Nasoma. A, hema. T, nyundo. Halafu mbele yake X, kubwa, haina hata aibu.

"Hili lina X," namwambia.

"Ndiyo, Shangazi, ndiyo haya ya siku hizi."

"Mimi nataka lisilo na X."

"Shangazi, siku hizi yote yana X."

"Soko zima mnauza vya kutupwa, na mnaviandika kabisa? Kizima hupigwa duara!"

Akanitazama kama nimemtapikia mezani. Mzee wa kibanda cha pili akapiga kelele, "Dada, mpe basi lenye duara!" Wakacheka wote mpaka na wanunuzi. Nikazunguka vibanda vinne. Kila mahali X. Wa mwisho alikuwa mpole, akaniuliza, "Shangazi, kasha lako la zamani? Ubao wako wa zamani?" Nikasema mimi ni mkaguzi wa makasha, usinifundishe. Nikaondoka kichwa juu. Kwenye basi ndipo nilipolia.

Sasa nakuandikia jambo ambalo mkono hautaki.

Nilichora zile alama. Siku ya kwanza ya mwaka sikufanya, si siku ya kumlazimisha mtu. Siku ya pili baada ya chai nikakaa kando yake. Napitisha kidole, nazitaja kwa sauti, napotea, narudia. Mara mbili nimepita na yeye amefumba, mara moja nimesimama na yeye hakufumba, lilikuwa jicho kavu tu. Ilichukua karibu asubuhi yote. Likatoka neno moja.

Nyeusi.

Nikadhani nimekosea. Nikaanza upya, jasho linanitoka na ilikuwa baridi. Likatoka tena. Nyeusi. Siku ya pili ya mwaka mpya, A-Kai, siku ambayo sahani ikianguka tunasema imechanua, hatusemi imevunjika. Neno la kwanza la mwanangu baada ya kimya cha wiki mbili. Nyeusi, nyeusi.

Nikadhani anaingia giza. Nikamwita daktari wa kona, akammulika kwa tochi, akasema macho ni mazima, anaona vizuri kuliko mimi. Kama si giza basi ni nini? Nyeusi ni nguo ya msiba. Ni kitambaa cha begani. Ni sisi tukimsindikiza. Nikamuuliza, sikuweza kujizuia, nikamuuliza, Chuan, unataka kufa? Akafumba mara mbili. Mbili, na mbili, na mbili, mpaka machozi yakamwagika masikioni. Lakini mimi ndiye niliyeuliza. Mtoto mwenye adabu atamjibu nini mama yake?

Tangu hapo uji hapokei zaidi ya vijiko vitatu. Namtilia tangawizi, namtilia yai, anafunga meno na kunikazia macho. Ile karatasi nimeikunja nikaiweka chini ya godoro. Sitaki kusikia neno la pili.

Kuna jambo nilitaka kukwambia kuhusu siku ile ya usafi. Siku nyingine. Mgongo unaniuma.

Mimi nakula.

Mama

*

4 Machi 1999

Mama,

Uliifungua?

Sikuulizi kama hakimu. Nakuuliza kwa sababu Chuan amekwisha niambia. Kaa karibu naye unaposoma haya, usome kwa sauti.

Sanduku la umeme la AT lina plagi mbili zinazochomekwa kwenye ubao mama, bega kwa bega. Zinafanana kama pacha. Ukizibadilisha nafasi zinaingia vilevile, hazigomi, na huo ndio mtego wake. Kila moja ina nyaya nyeusi upande mmoja. Sheria ni moja, kila mtu aliyewahi kushika mashine hizi anaijua hata usingizini: nyeusi kwa nyeusi, zikutane katikati. Nyeusi zikikaa nje, ukiwasha, ubao unaungua papo hapo.

Nilipokuwa naiunda, Chuan alilala kando yangu siku nne. Nilimwimbia sheria hiyo kama wimbo wa matangazo ya sabuni, mpaka akaniandikia "nyamaza" mara yake ya kwanza kabisa kutumia mashine. Unakumbuka tulivyocheka?

Haoni giza, Mama. Hajaomba nguo ya msiba. Amekwambia plagi.

Kwa hiyo ubao mama umeungua. Niambie ukweli ili nijue mengine. Ningejua mapema nisingekutuma kununua sanduku.

Na sasa kosa langu. X si kosa. Nilipaswa kukueleza, nimesahau kwamba kwako X ni chaki nyekundu. ATX ni ukoo mpya, ndio ulioenea kila mahali, na wa AT unakwisha sokoni. Hao watu hawakukudanganya. Yule mpole alikuuliza swali sahihi. Basi tuache kuutafuta wa zamani, tuhame ukoo mzima: ubao wenye X, sanduku lenye X, kasha lenye X. Vyote vitatu, si kimoja ndani ya vingine. Ubao mpya hautakaa kwenye kasha letu, mashimo yamehama, na dirisha la nyuma la kuchomekea nyaya lina umbo jingine. Wema wa ukoo mpya ni huu: plagi ya umeme kwenye ubao ni moja, pana, ina kucha ya kushikia. Haiingii kinyume hata ukitaka.

Mwambie muuzaji aweke prosesa na memori kwenye ubao kabla hujaondoka. Diski ya zamani tutahamisha. Na kadi ya kitufe cha Chuan, ile ndefu niliyoichomelea kwa mkono, inayopeleka mbonyezo wake kwenye mashine, inahitaji nafasi ndefu nyeusi kwenye ubao. Ndiyo, nyeusi tena. Hakikisha ubao mpya unayo japo moja.

Hiyo kadi nayo ilikuwa juu ya ubao ulipoungua. Kama imekufa pamoja nao, hakuna nyingine duniani, na mimi natoka huku mwakani. Sijui, Mama. Hatutajua mpaka uwashe.

Kasha, wewe ndiye unayejua kuliko mimi.

Nina muda mwingi wa kuandika wiki hii. Usiulize kwa nini.

A-Kai

*

Xinzhuang, 17 Machi 1999

A-Kai,

Najua maana ya muda mwingi jeshini, ni mahabusu. Marehemu baba yako alikuwa na muda mwingi mara mbili, na mara zote ni kwa kumtukana sajini. Umemtukana nani? Basi, usiandike, kuna wanaosoma barua.

Niliifungua.

Nilikuwa nimefuta dari, nimefuta madirisha, nimeishusha hata sanamu ya mungu wa jikoni nikaifuta masizi. Nikaitazama ile kompyuta, feni yake imeota vumbi kama ndevu za mbuzi. Nikasema, kila kitu humu kitaingia mwaka mpya kisafi isipokuwa kinachomsemea mwanangu? Nikaizima, nikafungua skrubu, skrubu nazijua. Nikapuliza, nikapitisha kitambaa kikavu. Zile plagi mbili zilinizuia, nikazichomoa, nikafuta, nikazirudisha. Ziliingia vizuri, A-Kai. Ziliingia kwa utulivu kabisa. Kazini kwetu kitu kisicho chake hakiingii, ndivyo mikono yangu ilivyofundishwa: kikiingia ni chake. Nikawasha. Pakatoka moshi mwembamba na harufu kama kucha iliyochomwa.

Lakini hilo silo lililonifunga mdomo. Lililonifunga ni hili. Nilipokuwa nazirudisha, Chuan alikuwa ananitazama, na alifumba macho mbili, mbili, mbili, haraka, nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Nikadhani vumbi limemwingia. Nikaacha plagi, nikaenda nikamfuta uso kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Nikamwambia, pole mama, nimekutimulia vumbi. Nikarudi nikawasha.

Aliniambia na mimi nikamfuta uso.

Nilipokusomea, yaani nilipomsomea yeye barua yako kwa sauti kama ulivyosema, nilipofika kwenye nyeusi kwa nyeusi alifumba macho mara moja, akayakaza, hakuyafungua muda mrefu. Nikalia pale pale kitandani na mate ya uji mkononi. Kisha akala nusu bakuli. Nusu bakuli, A-Kai.

Sasa ya kazi.

Nimerudi Guanghua kwa yule mwenye nywele za kusuka. Aliponiona akashika kiuno. "Shangazi wa duara!"

"Leo nataka yenye X," nikamwambia. "Yote yenye X."

"X imepona?"

"Aliyekuwa mgonjwa ni mimi."

Akacheka, akanivutia kiti, akanipa chai. Nikamweleza ya Chuan, yote, hata moshi. Akaacha kucheka. Akatafuta ubao wenye ile nafasi ndefu nyeusi, akafungua maboksi saba, wa saba unayo, moja tu, pembeni. Ni ubao mfupi, umbo la mraba, akasema ni mdogo wa ukoo huo huo wa X, utakaa kwenye kasha kubwa bila shida ila hautatumia mashimo yote. Akaweka prosesa na memori, akaniwekea na sanduku la umeme. Mjomba wako amelipa, na ameapa atanisema mpaka kaburini, kwa hiyo tumelipa wote wawili.

Kasha nilichukua kwa Bwana Hsieh. Nilikwenda moja kwa moja kwenye rundo la X.

"A-Chiao, chukua zima," akasema. "Nakupa, chukua zima. Kwa nini hilo?"

"Mazima ni ya mteja. Na hili nalijua ugonjwa wake."

Nalijua kwa sababu niliupiga mimi huo msalaba, Jumanne ya wiki iliyopita. Shimo moja la kona ya chini limehama kwa unene wa kadi ya simu. Nikachukua tupa ya mviringo nikalisogeza, nikapima, nikasogeza, mpaka kipimo kikapita bila kukwaruza. Chaki sikuifuta. Iache ikae.

Tukafunga jana, Jumanne, niliomba siku ya mapumziko. Kasha nililiweka kwenye meza ya Chuan, kitanda tukakiinua kichwani ili aone ndani. Nikamwambia, safari hii fundi ni wewe, mimi ni mikono tu. Kila kitu nilichoshika nilimwonyesha kwanza. Hiki? Ndiyo. Hapa? Ndiyo. Hivi? Hapana. Nikigeuza, ndiyo. A-Kai, maswali yakarudi! Mwezi na nusu sikuwa na la kumuuliza, na sasa nikawa nayo kama mchele.

Mjomba wako alikaa mlangoni na karanga zake. "Dada, ninyi mnaunda kompyuta au mnachumbiana?" Nikamwambia ale anyamaze.

Ubao ukakaa. Skrubu zikaingia zote sita, hata ya shimo langu. Ile plagi pana yenye kucha ikaingia, ikalia kak, nikaijaribu kinyume makusudi, kweli haiingii. Diski, ndiyo. Kadi yako ndefu, ndiyo. Ina doa dogo la kahawia kwenye ukingo, sijui lilikuwepo tangu zamani. Nikashika waya wa ukutani.

"Washa sasa, tuone!" akasema Fu-tien.

Chuan akafumba mbili.

"Ni woga tu, mtoto anaogopa. Washa."

Mbili. Mbili. Mbili. Vilevile kama siku ile.

A-Kai, mkono wangu ulikuwa umeshafika ukutani. Nikauweka chini. Nikakaa kitako sakafuni. Nikaanza moja moja. Sanduku? Hapana. Plagi? Hapana. Diski? Hapana. Kadi? Hapana. Ubao wenyewe? Akasita. Juu ya ubao? Hapana. Chini ya ubao?

Ndiyo.

Nikatoa skrubu zote sita. Nikauinua. Nikatazama na sikuona kitu, nikaona bati tu na zile nguzo ndogo za shaba ambazo ubao hukalia usiguse bati. Nikazihesabu kama nilivyozihesabu miaka kumi na moja. Tisa. Karakanani tunazifunga tisa, kwa ubao mkubwa. Ubao wetu mfupi una mashimo sita. Nguzo tatu zimesimama mahali pasipo na shimo, zinachoma tumbo la ubao kwa chini. Shaba kwa shaba, umeme ungepita humo kwenda kwenye bati, na tungenusa tena kucha iliyochomwa. Mimi, mkaguzi wa mashimo, sikuliona. Yeye aliliona akiwa kitandani, aliona nikifunga ubao wa mashimo sita juu ya nguzo tisa.

Nikazitoa zile tatu. Nikamwonyesha kiganjani. Hizi? Akafumba mara moja, taratibu, kama mtu anayeweka mzigo chini.

Fu-tien aliacha kutafuna. Akasema, "Huyu angekuwa jenerali."

Nimerudisha kila kitu. Chuan ameangalia, hana neno. Waya uko ukutani, bado kidole changu tu. Sijawasha, A-Kai. Tangu jana jioni mpaka saa hii sijawasha, na yeye ananitazama na hanifumbii hapana. Ni ile kadi. Kama doa lile ni la moto, nitawasha, skrini itawaka, herufi zitapita, na yeye atabonyeza na hakuna herufi itakayosimama. Hiyo siwezi kuiona nikiwa sijakuandikia. Posta inafunga saa kumi na moja, nakwenda kuituma kwanza. Nataka barua hii iwe imeondoka, uwe umejua yote niliyofanya, uwe umenikasirikia au umenisamehe kabla sisi wenyewe hatujajua.

Nikirudi nitawasha.

Mama

*

Xinzhuang, 20 Machi 1999

Kaka,

Mama ananakili haya kutoka kwenye skrini kwa sababu hatuna mashine ya kuchapa. Nimemwambia anakili kila neno. Amekubali kwa shingo upande.

Kadi ni nzima. Doa ni la kahawa yako.

Kidole kimekuwa kizembe, wiki sita hakikufanya kazi. Mistari hii ni ya siku mbili. Kwa hiyo nasema machache.

Usimtukane sajini tena.

Mama anasema alikuandikia kwamba mimi nilikataa kula. (Ni kweli ulikataa. Mama.) Nilikuwa nafunga meno kwa sababu kila bakuli lilikuwa langu. Nilimhesabia milo. Asubuhi chai. Mchana chai. Jioni anakwangua nilichobakiza, anasema ameshiba. Siku ya mkesha wa mwaka mpya alinilisha samaki mzima, yeye akala mkia. Nikadhani nikibakiza vingi atakula vingi. Akavirudisha kwenye sufuria, akanipa tena jioni. (Sikujua. Mama.) Katika yote aliyoniuliza hakuna swali ambalo jibu lake lingekuwa hilo. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema wiki sita. La kwanza nililisema kwa karatasi, likamtisha, karatasi ikaenda chini ya godoro. La pili likabaki.

Alipowasha alisimama mgongo kwa skrini. Hakutaka kuona. Herufi zikaanza kupita, nikabonyeza, ikalia tik. Akageuka. Akapiga magoti, akasema, nitukane, nimekuharibia, niko tayari, andika.

Niliandika muda mrefu. Mjomba alilala kwenye kiti.

Niliandika: Mama, umekula?

Chuan

(Nimeandika kama alivyosema, sikuruka kitu. A-Kai, sikuwa nimekula. Fu-tien ameleta tambi za nyama, mabakuli mawili, na siruhusiwi kuweka kalamu chini niondoke, naruhusiwa kuiweka chini nile. Chuan ananitazama. Tik, anasema hivi: lote. Mama.)